Koilegen, Orkoiyot Asiyejenga Ngome

Wasomaji wengi wamesikia habari za Koitalel arap Samoei wa Nandi, aliyeuawa na Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905. Nduguye, Kipchomber arap Koilegen, hatajwi sana, ilhali ndiye ahesabiwaye Orkoiyot wa kwanza wa Wakipsigis, katika nchi hii ya Kericho iliyo na Sosiot na mashamba ya chai.

Baba yao, Kimnyole arap Turukat, aliuawa na Wanandi wenyewe mwaka 1890. Wanawe wakashindania cheo. Koilegen alipokikosa alihamia kwa Wakipsigis, nao wakampokea. Orkoiyot si mfalme. Ni mtu wa baraka na uaguzi, na vijana hawakwenda vitani bila ya kauli yake. Hilo ndilo lililowatia Waingereza hofu. Mwaka 1914 walimhamishia Fort Hall, Murang'a ya leo, na huko akafariki mwaka 1916.

Hawakutosheka. Mwaka 1934 ilitungwa sheria ya kuwaondoa Walaiboni, na ukoo mzima wa Talai, watu wapatao 700, ukapelekwa Gwassi kando ya Ziwa Victoria, penye malaria na mbung'o. Walikuja kurudi mnamo 1962. Ajabu ni kuwa katika mwaka huo huo wa 1934 serikali hiyo hiyo ilipitisha sheria ya kuhifadhi mambo ya kale!

Sisi watu wa pwani twakijua kipimo cha wakati ule. Gede iliingizwa katika hifadhi tangu 1927 kwa kuwa misikiti na kuta zake zilionekana kwa macho. Nyumba ya udongo na nyasi haiachi gofu. Hata hivyo, Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006 haidai jiwe. Mahali pa umri wowote, pakiwa na maana kwa historia au utamaduni, Waziri aweza kupatangaza katika Gazeti Rasmi, pamoja na ardhi ya kando ihitajikayo kupatunza. Mwenye ardhi naye ana haki ya kupinga, na katika nchi ya chai mwenye ardhi huenda akawa kampuni kubwa.

Koitalel ana kaburi la kumbukumbu huko Nandi Hills, na fimbo zake zilirudishwa kutoka Uingereza mwaka 2006. Kwa Koilegen, kazi ianzie kwa wazee wa Talai: waonyeshe alipokaa, papimwe, na ombi lipelekwe Makavazi wangali hai.