Arrhenius: Mwanasayansi aliyetamani dunia yenye joto zaidi

NI wachache katika historia waliokadiria joto la dunia nzima kwa kalamu na karatasi tu. Svante Arrhenius wa Uswidi alikuwa mmoja wao, na jibu alilolipata lilimfurahisha.

Alizaliwa Februari 19, 1859, karibu na mji wa Uppsala, na inasimuliwa kuwa alijifunza kusoma mwenyewe akiwa na umri wa miaka mitatu. Mnamo 1884 aliwasilisha tasnifu kuhusu jinsi umeme unavyopita katika maji yenye chumvi. Maprofesa wa Uppsala waliidharau, wakampa alama za chini. Mnamo 1903, nadharia iliyochipuka katika kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel ya Kemia, akawa Mswidi wa kwanza kutuzwa Nobel.

Mwishoni mwa 1894, ndoa yake ya kwanza ikielekea kuvunjika, alianza kutafuta chanzo cha enzi za barafu. Kwa takriban mwaka mzima alipiga hesabu kwa mkono, na mnamo 1896 akatangaza matokeo. Gesi ya kaboni iliyo hewani ikipungua kwa nusu, dunia ingepoa kwa nyuzi nne au tano za Selsiasi. Ikiongezeka maradufu, joto lingepanda kwa nyuzi tano au sita. Wanasayansi wa leo hukadiria takriban nyuzi tatu.

Arrhenius alijua kuwa makaa ya mawe yaliyochomwa viwandani yalikuwa yakiongeza gesi hiyo. Hata hivyo, hakuingiwa na hofu. Katika kitabu alichokichapisha mnamo 1906, alitarajia kwamba vizazi vijavyo vingefurahia hali ya hewa tulivu na mavuno tele, hasa katika nchi za baridi. Aidha, alidhani mabadiliko yangechukua karne nyingi.

Kwa mzaliwa wa Uswidi, ambako majira ya baridi ni marefu, ndoto hiyo haikuwa ya ajabu. Lakini joto linalompunguzia mkulima wa kaskazini theluji ndilo linalomkaushia mfugaji wa Turkana malisho, na kuyeyusha barafu ya Mlima Kenya. Wastani wa joto la dunia katika karne ya 20 ulikuwa karibu nyuzi 14, na mashamba, miji na bandari zimejengwa kwa kuutegemea.

Arrhenius alifariki jijini Stockholm Oktoba 2, 1927, akiwa na umri wa miaka 68. Mkataba wa Paris wa 2015 haukutaja kiwango bora cha joto. Uliweka mpaka: ongezeko lisalie chini kabisa ya nyuzi mbili tangu kabla ya enzi ya viwanda, na juhudi zifanywe lisizidi nyuzi 1.5.

Mwaka wa 2024 ulikuwa wa kwanza kuvuka nyuzi 1.5. Kufikia wakati huo, kaboni hewani ilikuwa imeongezeka kwa takriban nusu. Mizani aliyoibuni Arrhenius ingali inatumika. Matumaini yake ndiyo yaliyokosa mashiko.