Wasifu wa Thomas Robert Malthus (1766–1834)

Thomas Robert Malthus alizaliwa tarehe 13 Februari 1766 karibu na Dorking, kusini mwa Uingereza. Alisoma hisabati Chuo Kikuu cha Cambridge, akahitimu mwaka 1788, kisha akawa kasisi wa Kanisa la Anglikana.

Baba yake, Daniel, aliamini kwamba jamii itazidi kuwa bora. Mwana alipinga. Mabishano yao yalizaa kitabu kuhusu idadi ya watu, kilichotoka mwaka 1798 bila jina la mwandishi.

Hoja zake kuu ni hizi:
(a) Watu wasipozuiwa huongezeka kwa kuzidishwa: 1, 2, 4, 8, 16, kila baada ya miaka 25.
(b) Chakula huongezeka kwa kujumlisha: 1, 2, 3, 4, 5.
(c) Pengo hilo huzibwa na njaa, maradhi na vita, au na watu wenyewe wakichelewa kuoa.

Mwaka 1799 alisafiri Skandinavia na Urusi kukusanya takwimu. Toleo la pili, kubwa zaidi, lilitoka mwaka 1803 likiwa na jina lake. Alimwoa Harriet Eckersall mwaka 1804, wakapata watoto watatu. Kuanzia mwaka 1805 alifundisha uchumi katika chuo cha Kampuni ya Mashariki ya India. Alifariki mwezi Desemba 1834, akazikwa Bath.

Alilaumiwa sana kwa kupinga sheria za kuwasaidia maskini. Alidai kwamba msaada huo unaongeza watu bila kuongeza chakula. Hata hivyo, kazi yake ilimsaidia Charles Darwin kuunda nadharia ya mabadiliko ya viumbe.

Mfano wa nyumbani
Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania milioni 44.9, ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 61.7. Mkoa wa Songwe ulitoka karibu milioni 1 hadi zaidi ya milioni 1.3. Ardhi ya Mbozi, inayolimwa mahindi na kahawa, haipanuki. Mashamba yanagawanywa kwa warithi, misitu inakatwa kwa kuni na mkaa. Hapa Malthus ana hoja.

Lakini Tunduma inamsahihisha. Mji huu wa mpakani hukua pia kwa wahamiaji wanaofuata biashara na Zambia, na wakazi wake wengi hununua chakula badala ya kulima. Aidha, mbolea na mbegu bora huongeza mavuno katika ekari ileile. Malthus hakuyapa mambo haya uzito wa kutosha. Dunia ya wakati wake ilikuwa na watu wapatao bilioni 1. Mwaka 2022 ilifikisha bilioni 8.

Zingatia: Mtahiniwa anayemsifu tu au kumpinga tu hujibu nusu ya swali. Toa hoja za pande zote mbili, kisha hitimisha kwa msimamo wako.

Swali la kujipima
Kwa kutumia mifano ya wilayani kwako, jadili ubora na udhaifu wa nadharia ya Malthus.