Padri Damien na Majirani Wake wa Kalawao

Jina la Padri Damien wa Molokai lajulikana sana katika jamaa za Kikatoliki. Lakini watu aliokaa nao miaka kumi na sita, ni nani kati yetu awezaye kumtaja hata mmoja wao? Yafaa tuwajue, maana yeye mwenyewe hakutaka kutengwa nao.

Alizaliwa Tremelo, Ubelgiji, tarehe 3 Januari 1840, mwana wa mkulima, akaitwa Jozef De Veuster. Alimfuata kaka yake Pamphile katika Shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yesu na Maria. Kaka huyo ndiye aliyepangiwa kwenda Hawaii. Akashikwa na homa kali, na mdogo akaomba kwenda mahali pake. Alipewa upadri Honolulu, Mei 1864.

Mwaka uliofuata Mfalme Kamehameha wa Tano alitoa sheria ya kuwatenga wenye ukoma. Januari 1866 kundi la kwanza, watu 12, walishushwa Kalawao, katika rasi ya Kalaupapa iliyo kaskazini ya Molokai: bahari pande tatu, na upande wa nne genge refu kama ukuta.

Wengine husimulia kana kwamba Padri aliwakuta huko watu wasiomjua Mungu. Sivyo. Shida zilikuwapo, tena kubwa: nyumba mbovu, maji ya taabu, ulevi, wenye nguvu kuwaonea wanyonge. Lakini mwaka ule ule wa 1866 wagonjwa 35 wa Kiprotestanti walianzisha kanisa lao, Siloama. Na Wakatoliki walipata kanisa dogo la Mtakatifu Filomena mwaka 1872, kwa kazi ya Bruda Victorin Bertrand. Tena walikuwako waume na wake wazima waliokubali kufungwa huko ili wawauguze wenzi wao. Wahawaii huwaita kokua. Jonathan Napela, kiongozi wa Wamormoni, alimfuata hivyo mkewe Kitty mwaka 1873. Akaambukizwa, nao wote wawili wakafa mwaka 1879. Yeye na Padri wetu walikuwa marafiki, nasi twalitaja jambo hilo kwa furaha.

Padri Damien alifika tarehe 10 Mei 1873 pamoja na Askofu Maigret. Mapadri wanne walijitolea kwenda kwa zamu. Yeye alikuwa wa kwanza, na zamu yake haikwisha. Alionywa asiwaguse wagonjwa. Lakini mtu atapakaje Mafuta Matakatifu pasipo kugusa? Alikula poi, chakula chao cha magimbi yaliyopondwa, katika bakuli moja nao. Akavuta kiko ili astahimili harufu ya vidonda. Pamoja nao alipanua kanisa, akaleta maji kwa mabomba, akajenga nyumba, akatengeneza majeneza. Serikali ilipomkataza kutoka, mkubwa wake alikuja kwa meli, na nahodha hakumruhusu kupanda. Basi aliungama kutoka mashuani, kwa sauti kuu, kwa Kifaransa.

Desemba 1884 alitia miguu katika maji ya moto sana, asisikie maumivu. Katika mahubiri alikuwa amezoea kujihesabu pamoja na wagonjwa. Sasa ilikuwa kweli mwilini mwake. Joseph Dutton, mlei kutoka Marekani, alikuja kumsaidia mwaka 1886, na Mama Marianne Cope na masista wake mwaka 1888. Alikufa tarehe 15 Aprili 1889, akazikwa kando ya kanisa, chini ya mti wa jamii ya mkadi aliolala chini yake siku zake za kwanza.

Watu wapatao 8,000 walipelekwa rasini mpaka mwaka 1969, ingawa dawa ya kuponya ilianza kutumika huko mwaka 1946. Watoto waliozaliwa huko waliondolewa kwa mama zao. Makaburi mengi hayana alama. Mwaka 1980 mahali hapo palifanywa hifadhi ya taifa, na wagonjwa waliotaka kubaki wakaahidiwa kukaa maisha yao yote. Wako waonao kwamba mahali pa uchungu namna hiyo heri pasahauliwe. Hatukubaliani nao: mtoto aliyenyang'anywa mama yake akisahauliwa, atakuwa amenyang'anywa mara mbili. Kanisa la Mtakatifu Filomena limetunzwa vizuri; majina ya waliosali humo yanastahili kutunzwa vivyo hivyo. Mwaka 2009, mwaka Padri Damien alipotangazwa Mtakatifu, sheria ya Marekani iliruhusu kumbukumbu ya majina hayo kujengwa.

Naye mwenyewe? Mwaka 1936 mwili wake ulifukuliwa ukapelekwa Ubelgiji, jambo lililowahuzunisha wenyeji. Alipotangazwa Mwenye Heri mwaka 1995, walirudishiwa mkono wake wa kuume. Waliuzika Kalawao, katika kaburi lile la kwanza.