Vitenzi vidogo vilivyomtoa jasho Samuel Johnson

Imekuwa desturi katika shule zetu kuwacheka wanafunzi wanaokosea vitenzi vidogo vya Kiingereza. Mwanafunzi akishindwa kueleza neno refu lenye asili ya Kilatini tunamhurumia, twasema neno lenyewe ni gumu. Lakini akichanganya take na bring, au akaandika put out palipotakiwa put off, darasa zima huangua kicheko, na wino mwekundu humaliza kazi iliyosalia. Mimi ni mwalimu hapa Waberi, mjini Garissa, ambako mtoto huzungumza Kisomali nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza mbele ya ubao. Nimekiona kicheko hicho kikiwafunga vinywa watoto werevu, wasithubutu kuinua mkono tena hadi muhula ukaisha. Kwa sababu hiyo naomba nafasi nisimulie maisha ya mtu aliyeijua lugha hiyo kuliko wengi waliozaliwa nayo, na ambaye hata hivyo alikiri kwamba vitenzi vidogo ndivyo vilivyomwelemea.

Huyo ni Samuel Johnson. Walimu wa Kiswahili wanaposikia jina hilo yamkini watakumbuka kamusi ya mwaka 1939, ile iliyotolewa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Hiyo ilisimamiwa na Frederick Johnson, mtu mwingine kabisa. Ninayemzungumzia alifariki zaidi ya miaka 150 kabla ya kamusi hiyo kuchapishwa.

Samuel alizaliwa tarehe 18 Septemba 1709 katika mji mdogo wa Lichfield, kati ya Uingereza. Babake, Michael, alikuwa muuza vitabu ambaye biashara yake haikumnufaisha. Mtoto aliugua vidonda vya shingo tangu uchanga, na mwaka 1712 mamake akampeleka London ili Malkia Anne amguse, kwani watu wa zama hizo waliamini mkono wa mfalme au malkia huponya ugonjwa huo. Hakupona. Alikua na makovu usoni, jicho moja likiwa halioni vyema na sikio moja likiwa zito. Juu ya hayo, viungo vyake vilikuwa vikirukaruka bila yeye kutaka, hali ambayo madaktari wengi wa leo huidhani kuwa ni ugonjwa wa Tourette.

Mwaka 1728 aliingia Chuo cha Pembroke, Oxford. Alikaa humo miezi 13 tu, kisha fedha zikamwishia, akarudi kwao bila shahada. Inasimuliwa kwamba alipokuwa chuoni viatu vyake vilichakaa hata vidole vikachungulia, na mtu mmoja mwenye huruma akamwekea viatu vipya mlangoni. Johnson alivitupa. Umaskini alikuwa ameuzoea, ila kuhurumiwa hakukuzoea kamwe. Nyumbani, babake alimwomba siku moja aende kuuza vitabu kwenye kibanda chao katika soko la Uttoxeter, naye akakataa kwa kiburi cha ujana. Miaka 50 hivi baadaye, akiwa mzee na mashuhuri, alikwenda peke yake mahali pale kilipokuwa kibanda, akavua kofia, akasimama mvuani kwa muda mrefu huku wapita njia wakimkodolea macho.

Alijaribu ualimu. Shule moja ilimkataa kwa kuhofia kwamba mitetemo ya mwili wake ingewatia wanafunzi hofu au mzaha. Baada ya kumwoa Elizabeth Porter mwaka 1735, mjane aliyemzidi umri kwa miaka 20, alifungua shule yake mwenyewe huko Edial. Wanafunzi walikuwa wachache mno, na hao wachache walikuwa wakimchungulia kupitia tundu la ufunguo ili wamcheke. Shule ilikufa upesi. Mwezi Machi 1737 aliondoka kwenda London pamoja na mmoja wa wanafunzi hao, David Garrick, ambaye baadaye alikuja kuwa mwigizaji maarufu kupita wote wa Uingereza wa zama zake.

Hapa nataka kutaja jambo ambalo wakazi wa pande zetu hizi hatuna budi kulijua. Kitabu cha kwanza cha Johnson, kilichochapishwa mwaka 1735, kilikuwa tafsiri ya safari za padri wa Kireno, Jerónimo Lobo. Padri huyo alifika Pate mwaka 1624 akitafuta njia ya bara ya kwenda Uhabeshi. Alisonga kaskazini kufuata pwani hadi upande wa mto Juba, akaambiwa kwamba mbele yake kuna makabila mengi yaliyokuwa vitani, akarudi. Kwa hiyo kijana wa Lichfield, ambaye hakuwahi kuona bahari yetu wala jangwa letu, alikuwa akiandika habari za Pate na Juba kabla hajaandika fasili hata moja ya neno la Kiingereza. Kwa kazi hiyo alilipwa guinea tano, na sehemu kubwa aliifanya amelala kitandani, rafiki yake akiandika aliyokuwa akiyatamka.

Huko London aliishi kwa kalamu miaka kadhaa, akiandika chochote kilicholipa. Ndipo mwezi Juni 1746 kundi la wauza vitabu lilipompa mkataba wa kutunga kamusi kwa guinea 1,500. Aliahidi kuimaliza kwa miaka mitatu. Ilimchukua karibu tisa.

Alikodi nyumba huko Gough Square na kuajiri wanakili sita, watano kati yao wakiwa Waskochi. Johnson alisoma vitabu vya waandishi wa karne mbili zilizotangulia, akipiga mstari chini ya neno alilolitaka kwa penseli. Wanakili wakaihamisha sentensi nzima kwenye vipande vya karatasi. Mwanzoni alidhani angeweza kuzipanga maana mapema, kisha aitie mifano katika nafasi zake kama mtu atiaye nafaka katika magunia. Mifano ilikataa. Ilifurika, ikadai maana ambazo hakuzitazamia, hata daftari za mwanzo zikaachwa na kazi ikaanza upya. Kikwazo hakikuwa majina ya vitu. Mbuzi ni mbuzi. Waliomkwamisha hasa walikuwa vitenzi, na si vitenzi vyote, bali vile ambavyo kila mpishi na kila mchukuzi wa London alivitumia tangu alfajiri: come, get, give, go, make, put, run, take, turn.

Kitenzi take peke yake alikigawa katika maana 134, kikajaza kurasa tano kubwa kwa maneno yapatayo 8,000. Put kilichukua kurasa tatu. Katika dibaji ya kamusi yake alieleza kwamba vitenzi vya namna hii maana zake zimepanuka mno na kuingiliana, hata mtu hawezi kuonyesha mpaka ulipo baina ya maana moja na nyingine. Aliongeza kuwa mgeni anayejifunza Kiingereza hataabiki popote kama anavyotaabika pale kitenzi kinapounganishwa na kihusishi na kupata maana isiyotazamiwa. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu na aisome dibaji hiyo, kisha arudi darasani.

Sisi wenyewe tusijifanye wageni wa jambo hili. Ni nani awezaye kueleza kwa neno moja maana ya kitenzi piga? Tunapiga ngoma, pasi, simu, kura, magoti na hatua, na katika hayo yote hakuna aliyeumizwa. Wanafunzi wangu Wasomali nao wanacho kielelezo kizuri zaidi kwa somo la Kiingereza. Kwao tag ni kwenda. U tag ni kumwendea mtu. Ka tag ni kuondoka mahali. La tag ni kwenda pamoja na mtu au kitu. Kijineno kimoja kidogo huingia na safari nzima hubadilika. Mtoto anayelijua hilo kwa ulimi wa mama hawezi kushangazwa na put on na put off, maadamu yupo mtu wa kumwonyesha kwamba mchezo ni ule ule, ila Kiingereza hukiweka kijineno nyuma badala ya mbele.

Asili ya vitenzi hivyo nayo ina mafunzo. Take si neno la Waingereza wa kale. Lilitoka kwa mabaharia wa Skandinavia waliovamia kisiwa hicho na kisha kuhamia humo, na Johnson mwenyewe alilihusisha na neno taka la Kiaislandi. Call na want vilitoka huko huko, na want kwa asili ilikuwa na maana ya kukosa kitu, kabla haijawa kukitamani. Went haikuwa ya go hata kidogo, bali wakati uliopita wa kitenzi wend, kilichobaki bila kazi nyingine. Kisha Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikaleta vitenzi vya ikulu na mahakama: receive, surrender, arrive. Hicho cha mwisho Johnson alikifasiri kama mfano mwaka 1747 alipochapisha mpango wa kamusi yake, akaanza na maana yake ya kwanza, yaani kufika ufukoni kwa chombo, kwa kuwa ndani yake mna neno la Kilatini lenye maana ya ukingo wa maji. Huwaambia wanafunzi kwamba msafiri wa basi kutoka Nairobi akivuka daraja la mto Tana na kuingia Garissa, amefika kwa maana ile ya kale kabisa.

Si kila asili aliipata sawasawa. Katika maneno yenye jamaa Ujerumani na Skandinavia aliwategemea wataalamu wawili waliomtangulia, Junius na Skinner, na makosa yao yakawa yake. Elimu ya kulinganisha lugha ilikuwa bado haijazaliwa. Ni William Jones, mmoja wa wanachama wa klabu yao ya London, aliyetangaza huko Calcutta mwaka 1786 kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini ni lugha za ukoo mmoja, na wakati huo Johnson alikuwa ameshafariki.

Lakini historia hiyo ya tabaka mbili ndiyo inayotueleza kwa nini mtoto wa Garissa hulijua neno postpone kabla ya put off, jambo ambalo kwa mtoto wa London huwa kinyume. Kiingereza chetu kimetujia kupitia vitabu, fomu na barua za ofisini, ambako vitenzi vya Kifaransa na Kilatini ndivyo vilivyokalia viti. Vile vidogo hufundishwa jikoni na kwenye mapaja ya mama, nasi mama zetu walitufundisha mengine. Kumcheka mtoto kwa kutokijua kitenzi cha jikoni ambamo hakulelewa ni dhuluma. Na kumpa orodha ya vitenzi 50 pamoja na tafsiri zake aikariri usiku mmoja hakumsaidii. Johnson, alipoona fasili hazitoshi, aliegemea sentensi: kamusi yake ina mifano ipatayo 114,000 chini ya maneno 42,773. Ninaona mwalimu angefanya vivyo hivyo, atoe kitenzi kimoja kwa juma, kikiwa ndani ya sentensi kumi.

Mkewe alifariki mwaka 1752, kazi ikiwa haijaisha, na waliomjua wanasema huzuni hiyo haikumtoka. Bwana mkubwa mmoja, Chesterfield, ambaye Johnson alimwelekezea mpango wake wa 1747 na asipate msaada wa maana, alijitokeza mwishoni mwa 1754 kuisifu kamusi gazetini. Johnson alimjibu kwa barua ya adabu kali, akimjulisha kwamba msaada uliochelewa haukuhitajika tena. Oxford, iliyomwona akiondoka na viatu vilivyotoboka, ilimtunukia shahada kwa wakati ili iandikwe katika ukurasa wa kwanza. Kamusi ilitoka tarehe 15 Aprili 1755.

Sifa hazikumlisha. Mwaka uliofuata alikamatwa kwa deni na kuokolewa na rafiki. Mamake alipofariki Januari 1759, aliandika kwa jioni za juma moja hadithi ya Rasselas, mwana wa mfalme wa Uhabeshi anayetoroka bonde la starehe ili atafute maisha ya furaha, apate fedha za mazishi na madeni. Ilikuwa ile ile nchi ya padri Lobo. Dhiki ilipungua mwaka 1762, Mfalme alipompa posho ya pauni 300 kwa mwaka.

Nyumbani mwake aliishi pia Francis Barber, mtoto aliyezaliwa utumwani Jamaica, akafika kwa Johnson mwaka 1752 akiwa na umri wa miaka kumi hivi. Johnson aliuchukia utumwa waziwazi, hata mbele ya wasomi wa Oxford aliwahi kunyanyua bilauri kuwatakia heri watumwa watakaoasi visiwani. Alimlipia Barber karo ya shule kwa miaka kadhaa, na alipofariki tarehe 13 Desemba 1784 alimwachia sehemu kubwa ya mali yake, jambo lililowakera baadhi ya marafiki. Johnson alizikwa Westminster Abbey. Barber alihamia Lichfield na familia yake, fedha zikapungua, naye kabla ya kufariki mwaka 1801 alikuwa amefungua shule ndogo katika kijiji cha Burntwood, akiwafundisha watoto wa Kiingereza kusoma.