Bwana Haberlandt na Seli Zilizokataa Kugawanyika

Muhula uliopita nilipanda maharagwe ili nipime urefu wake kila siku. Siku tatu nilisahau, nikabuni vipimo. Ndiyo sababu maisha ya Bwana Gottlieb Haberlandt yalinichoma nilipoyasoma.

Alizaliwa mwaka 1854 katika Hungaria. Baba yake ndiye aliyewahimiza wakulima wa Ulaya kulima soya. Mtoto alishika mimea vilevile, akafundisha miaka mingi huko Graz, Austria, na tangu 1910 huko Berlin.

Mwaka 1902 alitoa taarifa kwa Akademi ya Sayansi ya Vienna. Alikuwa ametenga seli moja moja za majani, akazilisha sukari na chumvi za lishe katika maji, kwa kuwa aliamini kwamba kila seli ya mmea ina uwezo wa kuwa mmea mzima. Seli ziliishi majuma kadhaa, zikanenepa, zikaweka wanga. Lakini hata moja haikugawanyika! Naye aliandika hivyo hivyo, bila kuficha neno. Tena katika taarifa iyo hiyo alitabiri kwamba siku moja watu watapata viinitete, yaani mimea michanga kama ile iliyomo ndani ya mbegu, kutokana na seli za kawaida zisizo za uzazi.

Alifariki mwaka 1945 akiwa na umri wa miaka 90, asiione siku hiyo. Ilikuja mwaka 1958, Steward wa Marekani na Reinert wa Ujerumani walipopata viinitete kutokana na seli za karoti.

Leo twajua zaidi. Kila seli hai ya jani inazo jeni za kujenga kiinitete, ila zimenyamazishwa. Jeni iitwayo LEC1 hufanya kazi mbegu inapoumbika, kisha hulala. Mwaka 1998 wataalamu waliiamsha katika mmea mdogo wa Arabidopsis, na vitu mfano wa viinitete vikachomoza juu ya majani. Mwaka 2002 ilitangazwa jeni nyingine ya namna hiyo, BABY BOOM. Mara nyingi homoni ya oksini ndiyo huanzisha mwamko huo, na mwaka 1902 Haberlandt hakuwa nayo. Seli zake hazikuwa na kosa. Zilikosa amri tu.

Daftari langu la maharagwe ninalo bado. Vile vipimo vitatu nimevizungushia wino mwekundu, na kesho asubuhi nitampelekea mwalimu.