Karen Blixen na Viti Vilivyovuka Bahari

Kila siku tunakaa juu ya benchi na viti, lakini ni wangapi kati yetu waliokwisha kujiuliza kiti kinatoka wapi na kinaweza kufika wapi? Mara hii tumechagua kueleza maisha ya mama mmoja wa Denmark. Alikuja Afrika ya Mashariki na vyombo vya nyumba ya kwao, akakaa miaka 17, kisha akaviuza vingi na kurudi kwa mama yake. Jina lake ni Karen Blixen.

Alizaliwa tarehe 17 Aprili 1885 huko Rungstedlund, kando ya bahari, upande wa kaskazini wa mji wa Copenhagen. Baba yake, Wilhelm Dinesen, alikuwa askari na mwandishi. Alifariki mwaka 1895, Karen akiwa hajatimiza miaka 10. Nyumba yao ilikuwa ya zamani sana, na hapo kwanza ilikuwa nyumba ya kulaza wasafiri.

Karen alipenda kuchora. Mwaka 1903 akaingia shule ya wanawake ya Akademia ya Sanaa ya Copenhagen, akasoma mpaka 1906. Hapa tusimame kidogo, maana Akademia ile ina habari yake. Ilifunguliwa mwaka 1754 katika jumba la Charlottenborg. Mwalimu na mkubwa wake mmoja alikuwa Nicolai Abildgaard, aliyeishi tangu 1743 mpaka 1809. Huyu alikaa Roma miaka 5 akitazama kazi za watu wa kale. Aliporudi alichora viti kwa kufuata vile vya Wayunani: miguu imepindwa kwa nje, na mahali pa kuegemea mgongo pamekunjwa kama upinde. Hakukuwa na mapambo mengi. Uzuri wake ulikuwa katika kipimo.

Mwaka 1794 jumba la mfalme, Christiansborg, liliungua, na wakubwa wakahamia majumba ya Amalienborg. Abildgaard akapewa kazi ya kupamba vyumba vya mtoto mmoja wa kifalme. Lakini ile namna mpya haikubaki kwa wafalme tu. Mwaka 1813 serikali ya Denmark ilifilisika kwa sababu ya vita, na mbao ya mahogani ikawa ghali. Basi mafundi wakafanya akili: wakatengeneza kiti au kabati kwa mbao rahisi, kisha wakabandika juu yake ngozi nyembamba ya mahogani. Hivyo hata mtu wa kawaida akaweza kuwa na kiti kizuri nyumbani, naye akamwachia mtoto wake. Katika inchi ya namna hiyo ndimo Karen alimokulia, inchi ambamo kiti ni urithi.

Tarehe 14 Januari 1914 Karen alifunga ndoa na Bror Blixen, mtu wa Uswidi, kule Mombasa. Alikuwa amekuja na masanduku mengi kwa meli: meza, viti, sahani, vitambaa. Vyote vikapanda gari la moshi mpaka Nairobi. Mwaka 1917 wakahamia nyumba ya mawe iliyojengwa 1912, chini ya vilima vya Ngong. Farah Aden, Msomali, alisimamia nyumba, na Kamante, kijana Mkikuyu, akawa mpishi. Ndani ulikuwa unaona Denmark. Ukifungua mlango unaona Afrika.

Shamba lilikuwa kubwa, karibu hektari 2,400, na kahawa ilishika kama hektari 240. Lakini mahali pale pana urefu wa karibu meta 1,800. Sisi wa Minembwe, tunaokaa juu zaidi ya meta 2,000, tunajua maana yake: baridi haichezi na mimea. Kahawa ilikataa kuzaa vizuri. Mwaka 1923 kiwanda cha kahawa kiliungua. Ndoa nayo ikavunjika mwaka 1925. Kisha ukaja ukame, na nzige, na bei ya kahawa ikaanguka. Mwaka 1931 wenye kampuni wakauza shamba. Mwezi wa Mei mwaka ule ule rafiki yake mkubwa, Denys Finch Hatton, akafa kwa ndege huko Voi.

Basi mama huyu akaanza kuuza vyombo vyake. Kiti kimoja kilikwenda huku, meza ilikwenda kule. Vingine viliingia katika maktaba ya McMillan ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka huo. Nyumba ikabaki tupu, naye akawa anakaa na kula juu ya masanduku ya vitabu. Huku kwetu wako wengi wanaojua kufunga vitu na kuhama, na hatuna haja ya kuwaeleza uchungu wake.

Lakini wasomaji, kulikuwa na shida iliyopita ile ya viti. Juu ya shamba lile walikaa Wakikuyu wengi na familia zao na ng'ombe wao. Waliitwa maskwota: walifanya kazi kwa mwenye shamba ili wapate kulima kipande kidogo. Wengine walizaliwa palepale, nao ulikuwa udongo wa babu zao, lakini sheria ya wakoloni haikuwapa haki. Shamba likiuzwa, wao watawanyike. Wenyewe waliomba neno moja tu, wasitenganishwe. Karen akatembea toka ofisi hata ofisi, mpaka kwa gavana, bila kuchoka. Mwishowe wakapewa mahali katika msitu wa Dagoretti, wote pamoja.

Tusimsifu kupita kiasi. Yeye pia alikaa juu ya udongo ule kwa nguvu za wakoloni. Tena waandishi Waafrika, kama Ngũgĩ wa Thiong'o, walimlaumu kwa namna alivyoandika habari za watu weusi. Lawama hiyo ina haki yake. Lakini na juhudi ile ya mwisho tuikumbuke.

Alirudi Rungstedlund mwezi wa Agosti 1931. Kule akaandika vitabu, na kile cha maisha yake Afrika kilitoka 1937. Alifariki tarehe 7 Septemba 1962. Serikali ya Denmark iliinunua nyumba ya Ngong na kuipa Kenya kuwa zawadi ya uhuru. Tangu 1986 ni makumbusho, na vyombo vingine vya zamani vimerudi ndani yake. Rungstedlund nayo ni makumbusho tangu 1991, na humo limo sanduku la mbao alilopewa na Farah.

Sisi tunaona hivi: kiti cha fundi mzuri kinavuka bahari, kinauzwa, kinarudi, nacho ni kiti kilekile. Udongo haubebwi katika meli. Anayenyang'anywa kiti atakaa chini, lakini anayenyang'anywa udongo hata hapo chini hana. Kwa hiyo tunapojifunza kutengeneza kiti, tusisahau kuuliza jirani yetu atakaa wapi.