Ezra Jack Keats: Msanii aliyemfungulia mtoto Mweusi mlango wa vitabu

MNAMO mwaka wa 1940, mchoraji mmoja kijana jijini New York, Marekani, alikata kutoka kwa jarida la Life picha chache za mvulana mdogo Mweusi. Aliipenda sura ya mtoto huyo, akazihifadhi picha hizo kwa zaidi ya miaka 20.

Mchoraji huyo alikuwa Ezra Jack Keats, aliyezaliwa Machi 11, 1916, mtaani Brooklyn, kwa jina Jacob Ezra Katz. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Poland, na maisha yao yalikuwa ya kubangaiza. Baba alikuwa mhudumu wa mkahawa. Alihofia kwamba uchoraji ungemtia mwanawe umaskini, lakini alimletea rangi nyumbani, akidai amepewa na wachoraji waliokosa pesa za chakula.

Januari 1935, siku moja kabla ya Ezra kuhitimu shule ya upili, mzee huyo aliaga dunia ghafla. Ndani ya kibeti chake mlipatikana vipande vya magazeti vilivyochakaa, vikieleza tuzo alizotwaa mwanawe. Ndipo Ezra alipong'amua kwamba babake alijivunia kipaji chake kisirisiri.

Msiba huo ulimlazimu kuacha ufadhili wa kusomea sanaa ili aikimu familia. Alichora picha za ukutani katika mradi wa serikali, kisha vibonzo, na mwaka wa 1943 akaingia jeshini alikobuni michoro ya kuwahadaa maadui. Mnamo 1947 alibadilisha jina kutokana na chuki dhidi ya Wayahudi.

Miaka ya 1950 alianza kuchorea waandishi wengine vitabu vya watoto. Akatambua kwamba hakuna hadithi aliyoletewa ambayo shujaa wake alikuwa mtoto Mweusi. Hapo akazikumbuka zile picha. Mwaka wa 1962 alitoa The Snowy Day, kitabu cha kwanza alichokiandika na kukichora peke yake, kuhusu mvulana Mweusi aitwaye Peter anayecheza kwenye theluji.

Badala ya kutegemea brashi pekee, Keats alikata na kubandika. Gauni la mama alilitengeneza kwa kitambaa cha kutandika kabatini, na shuka kwa turubai la kuchorea. Chembe za theluji alizipiga kwa mihuri aliyochonga kwenye vifutio, huku wino akiurusha kwa mswaki wa meno.

Mwaka wa 1963 kitabu hicho kilitunukiwa Nishani ya Caldecott. Hata hivyo, lawama hazikukosa. Mnamo 1965 mwandishi Nancy Larrick alikosoa jinsi mama ya Peter alivyochorwa, na wengine wakahoji iwapo Mzungu alistahili kusimulia maisha ya mtoto Mweusi. Keats hakumwacha Peter. Alimkuza katika vitabu vingine, vikiwemo Whistle for Willie cha 1964 na Peter's Chair cha 1967.

Keats alifariki Mei 6, 1983, akiwa na umri wa miaka 67, bila mke wala mtoto. Mwaka wa 2020, Maktaba ya Umma ya New York ilitangaza kwamba The Snowy Day ndicho kitabu kilichoazimwa zaidi katika historia yake ya miaka 125: mara 485,583.